Mstari wa Arobaini na Moja

Mstari wa arobaini na moja ulijibu, na haukupaswa kujibu.

Noella aliuliza tena. Programu ile aliiandika mwenyewe, ya kuchunga mtandao wa mgodi wa nikeli pale Sudbury. Kila taa ya kofia ilituma habari zake, na kila mchimbaji alikuwa na mstari wake kwenye jedwali. Ukitaja namba, programu hutafuta mstari wake na kukwambia mtu huyo yuko mita ngapi chini ya ardhi. Arobaini na moja ilikuwa namba ya Aurèle, aliyefukiwa na mwamba miaka miwili iliyopita. Kwa desturi ya wachimbaji, namba ya marehemu haipewi mtu mwingine. Ilikwisha kufutwa kwenye jedwali.

Jibu likaja lile lile: mita mia tisa. Ofisini kukaanza kunuka mawe mabichi.

"Bosi," alinong'ona, "Aurèle yuko chini."

Wasyl, msimamizi wa zamu, alicheka bila kugeuka. "Aurèle? Mvivu yule? Tafuta kosa lako, dada. Saa tisa nalipua baruti, nataka kila mstari usome sifuri, watu wote wawe juu."

Alitafuta hadi saa nane na nusu, akaliona. Programu ikikosa namba iliyotajwa, haikusema hakuna. Ilichukua mstari unaofuata. Noella aliona haya. Kisha akakumbuka kwamba taa ya arobaini na mbili ilikuwa nyuma yake ukutani, ikichajiwa. Ingesemaje mita mia tisa? Wazo hilo akalifukuza. Alisahihisha, akauliza tena arobaini na moja.

Hakuna.

"Lilikuwa kosa langu, bosi. Majibu ya tangu asubuhi msiyaamini."

"Si nilisema?"

Wachimbaji wakapanda na lifti, na kila aliyetoka mstari wake ulisoma sifuri, hadi ukabaki mmoja wenye mita, wa kumi na saba. Huo ulikuwa wa Normand, mumewe.

Mlango ukafunguka, Normand akaingia. Alikuwa amelowa, ananuka mawe mabichi, na kofia yake haikuwa na taa.

"Taa nimeiacha chini," alisema. "Hakuna mtu tena. Lipua."

Noella alimkimbilia, akamshika mkono, akauachia upesi. Ulikuwa baridi kama jiwe la kisimani. Akageukia kioo cha kompyuta. Mita mia nane tisini. Themanini na nane. Themanini na tano.

"Bosi, subiri! Taa inapanda! Taa haitembei peke yake!"

"Mumeo si huyu hapa? Umesema mwenyewe programu inadanganya."

"Nimeshaitengeneza!"

"Na asubuhi ulidhani imetengenea."

Alimrukia mkono Wasyl, akamsihi, akataja majina ya watoto wao wote wawili, na huku nyuma yake maji yakidondoka sakafuni tone baada ya tone kutoka kwenye nguo za yule aliyesimama mlangoni, na namba kwenye kioo zikizidi kupungua kama za mtu anayekimbia gizani akipapasa ukuta, Wasyl akamsogeza kando kwa upole, kama unavyomsogeza mgonjwa, akabonyeza kitufe cha baruti.

Sakafu ikatikisika. Mstari wa kumi na saba ukasimama kwenye mia nane themanini na moja.

Mkono wa baridi ukamshika bega.

"Twende nyumbani," sauti ya Normand ikasema. "Watoto wananingoja."