Mwenye Pingamizi Ajitokeze

Kiti cha mwisho ukumbini kilikuwa kinachuruzika maji, na mvua haikuwa imenyesha siku nyingi. Mama Vibali alikiona, akadhani mfagizi amepiga deki bila kukausha, akarudi kwenye karatasi zake.

Jina hilo alipewa na wenzake wa kampuni ya simu. Ukitaka mnara usimame au waya upite chini ya bahari, yeye ndiye wa kutumwa akapigwe danadana maofisini mpaka kibali kitoke. Safari hii waya ulikuwa wa kuunganisha kisiwa kikubwa na kile kidogo, na kilibaki kikao hiki tu. Meli ya kutandaza ilishatia nanga, na bosi alishamwambia kwamba kibali kikichelewa, na yeye aanze kutafuta kazi.

Utaratibu ulikuwa mfupi. Mwenyekiti anauliza mara tatu kama njia ya waya ina mwenyewe. Asipojibu mtu, njia inahesabiwa tupu. Mkuu wa wazamiaji, aliyekwenda kuikagua njia hiyo, alikuwa amemnong'oneza Mama Vibali mlangoni kwamba kule chini pana wenyewe, na yeye harudi hata kwa mtutu wa bunduki. Mama Vibali alimwambia akalale, uchovu ungemtoka.

Mwenyekiti akauliza. Kimya. Akauliza tena. Kimya. Alipouliza mara ya tatu, kwenye kile kiti kilicholowa ikatoka sauti nzito ya mtu aliyejaa maji kifuani.

"Nipo."

Watu wakageuka. Kiti kilikuwa kitupu. Mwenyekiti, muhuri mkononi, akamtazama Mama Vibali.

"Hakuna mtu, mheshimiwa," alisema Mama Vibali, ingawa alikuwa amesikia vizuri kabisa.

Muhuri ukagongwa.

Harufu ilimtangulia nyumbani, harufu ya tope ambalo halijawahi kuona jua. Mumewe, fundi friji, alitoa kila kitu kwenye friji yao akanusa kimoja kimoja, asipate kitu. Kisha binti yao wa pekee, waliyemwita Chiriku kwa jinsi asivyofunga mdomo, akaacha kusema. Alipobembelezwa sana alinong'ona kwamba kuna mtu anapima chumba chake kwa kamba yenye maji. Wakainua kitanda. Mstari wa unyevu ulipita sakafuni, umenyooka kutoka ukuta hadi ukuta, chini ya pale mtoto alipolaza kichwa. Mama Vibali alikuwa amechora mistari ya namna hiyo kwenye ramani maisha yake yote, akaijua: ilikuwa njia ya waya.

Wakaenda kwa mganga. Mwanamke yule aliuliza jambo moja tu: wamemkosea nini huyo jini? Mama Vibali aliona aibu mbele ya mumewe, akasema hawajui.

"Mficha uchi hazai, mwanangu," mganga alisema, na Mama Vibali akarudia kwamba hawajui. Basi akawapa masharti anayowapa wote: wakifunge chumba cha mtoto, na jini akija kuita wasiitike, maana anayemwitikia amempa mlango.

Alikuja mchana, jua la utosi, majirani wanaanua nguo. Harufu iliingia kwanza chini ya mlango, halafu maji, halafu ikaja ile sauti, taratibu na kwa adabu kama ya karani aliyechoka, ikauliza kama nyumba hii ina mwenyewe. Baba Chiriku aliwavuta wote wawili chini, akawakumbatia. Sauti ikauliza tena, na hapo ndipo Mama Vibali alipoelewa kwamba huyu hakuja kuomba mlango, alikuja kufuata utaratibu, ule ule wa ukumbini, na kwamba kimya chao ndicho alichokuwa anakisubiri, na akafungua kinywa aseme wapo, lakini kiganja cha mumewe, kinachonuka gesi na grisi, kikamziba mdomo, akakiuma mpaka damu, na mume akavumilia huku machozi yakimtoka, akiamini anamwokoa mkewe, na katikati yao mtoto naye amejiziba mdomo kwa mikono yote miwili kama alivyofundishwa, mpaka sauti ikauliza mara ya tatu, ikangoja sana, ikanyamaza.

"Ameenda, Mama Chiriku," mume alinong'ona, akimwachia. "Tumemshinda."

"Tupo!" Mama Vibali alipiga kelele kuelekea mlangoni. "Tupo hapa, tunaishi hapa!"

Nje hakukuwa na mtu. Jibu lilitoka chumbani kwa Chiriku, chumba walichokifunga wenyewe kwa kufuli.

"Mmechelewa."

Na ukuta ukaanza kutobolewa, pale ulipoishia mstari wa unyevu.