Mabomba ya Rangi ya Maziwa

Duka la rangi Jumamosi asubuhi halina adabu. Watu wanasukumana kaunta, kila mmoja ana haraka kuliko mwenzake, na mashine ya kuchanganyia inatikisa makopo hadi mtu hasikii anachosema mwenyewe. Katika zogo hilo aliingia Mchoraji, macho mekundu, amevaa gauni la kijivu kwa sababu tu ndilo lililokuwa juu ya kiti.

Majengo aliyachora kwenye kompyuta. Ghorofa nzima ilisimama ndani ya skrini yake kabla tofali moja halijawekwa, na kila kitu kilikuwa na rangi yake ili visichanganyike: kuta kijivu, nyaya za umeme njano, mabomba ya maji rangi ya maziwa, vyote juu ya skrini nyeusi. Siku hiyo alitumwa kuchukua kadi za rangi za kuta, na baada ya miaka tisa ya skrini nyeusi rangi zote kwake zilikuwa ndugu wa baba mmoja.

"Hii ni kijani au bluu?" aliuliza, hata hajui anamuuliza nani.

"Inategemea," alijibu mwanamume aliyesimama kando yake, ovaroli imejaa matone ya nyumba za watu. "Kwa mwenye usingizi ni bluu. Kwa mwenye njaa ni kijani. Wewe naona una vyote viwili, nenda kalale, dada yangu."

Mchoraji akacheka, jambo ambalo hakulifanya wiki nzima. Yule alikuwa fundi rangi, na damu zao zikapatana pale pale kaunta. Walitoka wameshapeana namba za simu.

Tangu hapo simu ikawa haipoi.

"Injinia wangu, umekula?"

"Mimi si injinia."

"Sawa. Umekula lakini?"

"Nimekunywa chai."

"Chai si chakula, mama. Nakuja na chakula, usibishe."

Miezi mitano ikapita hivyo. Kisha ofisi ikapata kazi ya wodi ya wazazi, na bosi akamkabidhi Mchoraji mabomba yote, mia tatu na ushee. Kazi hiyo ilimkaa kooni. Alichora ofisini, akabeba kompyuta ndogo akachora nyumbani, na dada yake aliyekuwa akiishi naye akawa anamwekea sahani mezani na kuiondoa ilivyo.

"Kipenzi," Fundi alimwambia siku moja kwenye simu, "nimepata nyumba ya kupanga. Chumba na sebule, kuta zimepauka lakini hizo niachie mimi. Nina swali nataka kukuuliza."

"Ukiniuliza leo nitakujibu vibaya. Niulize nikimaliza mabomba."

"Haya. Mabomba kwanza, mimi nyuma yao. Foleni nimeshaizoea."

Alimaliza Jumapili mchana, nyumbani, na usingizi ukamchukua pale pale mezani. Kesho yake, mbele ya watu saba wa hospitali, akaunganisha kompyuta yake ndogo na skrini kubwa ya ukumbini. Kuta zilisimama. Nyaya zilipita zinapopita. Bomba hata moja halikuwepo, na nyuma ya kila kitu palikuwa peupe tu.

"Maji yatatoka wapi?" aliuliza daktari mkuu, kwa upole uliouma kuliko matusi. Bosi akatazama dari.

Mchoraji alitoka hadi koridoni, akapiga simu.

"Jana ulikuja nimelala. Uligusa kompyuta yangu?"

"Niligusa," Fundi alisema. "Nilibadilisha ile rangi nyeusi ya nyuma tu, kama ulivyonionyesha siku ile. Nikaweka ninayowapakia wagonjwa kwenye kuta za wodi, ile tulivu. Macho yako yalikuwa yanatoa machozi hata usingizini."

"Mabomba hayapo."

"Yote?"

"Yote. Wiki sita, Fundi."

"Basi nitakuwa nimeyafuta. Nisamehe, mama. Mikono hii imezoea brashi, haya mengine inabahatisha."

"Usinipigie tena," alisema, akamkatia simu.

Bosi alimpa wiki tatu za kurekebisha. Alikaa kwenye kompyuta ya ofisini, akaanza kuchora upya kutoka kwenye nakala ya zamani. Ile ndogo aliitupia kabatini kwa hasira. Fundi alipiga mara kumi na moja wiki ya kwanza, mara mbili wiki ya pili, kisha akaacha.

"Lakini ulimsikiliza?" dada yake aliuliza.

"Amekiri mwenyewe, dada."

"Yule angekiri hata kuangusha mwezi, mradi wewe usilie."

Alikuwa amechoka mno hata asiweze kubishana, na amechoka zaidi hata asitake kumkumbuka mtu, lakini alimkumbuka, hasa saa saba mchana ambapo hakuna aliyeuliza kama amekula. Wodi ilipopitishwa bosi alimpa mkono na siku tatu za mapumziko. Hakusikia furaha yoyote. Alitaka kulala tu.

Kabla ya kuondoka alihamishia mafaili ya kompyuta ndogo kwenye ile ya ofisini, apate kufuta yasiyofaa. Lile lililoharibika akalifungua mara ya mwisho, kwa mazoea tu.

Skrini ya ofisini ilikuwa nyeusi kama siku zote. Juu yake, bomba kwa bomba, mia tatu na ushee, yalikuwa yamelala pale alipoyaweka.

Alielewa papo hapo. Rangi ya nyuma hukaa kwenye kompyuta, haisafiri na faili; kwenye ile ndogo Fundi alichagua rangi ya maziwa, na mabomba nayo yalikuwa ya maziwa. Ukumbini yalikuwepo mbele ya watu saba, rangi moja juu ya rangi moja, na hakuna aliyeyaona. Mwanafunzi wa wiki ya kwanza angegundua. Yeye hakugundua kwa sababu alichoka, na kwa sababu tayari alikuwa na wa kumlaumu. Aibu ikampanda hadi masikioni.

Alipiga simu, haikupatikana. Akaenda duka la rangi, wakamwelekeza shule iliyokuwa ikipakwa upya. Alimkuta kwenye korido, juu ya ngazi, amekonda kidogo, ovaroli ile ile.

"Shuka, Fundi, nakuomba."

Akashuka. Mchoraji akafungua kompyuta ndogo, akarudisha weusi, mabomba yakatokea. Akamweleza yote bila kujikosha.

"Kwa hiyo sikufuta?"

"Hukufuta hata moja. Kosa lilikuwa langu."

Fundi akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Unajua tangu siku ile nikiingia nyumba ya mtu sigusi hata swichi? Namwita mwenyewe aje kuwasha taa."

Hilo lilimchoma Mchoraji kuliko lawama yoyote. Akakaa sakafuni karibu naye, gauni lake jipya likagusa rangi mbichi na hakujali.

"Nisamehe."

"Nimechoka," alisema Fundi.

"Na mimi."

Mabega yao yakagusana. Kisha Mchoraji akamwekea kompyuta magotini. "Nichagulie rangi nyingine ya nyuma. Nyeusi siirudii."

Fundi akafuta mikono kwenye ovaroli mara mbili. Akanyoosha kidole, akakirudisha.

"Gusa," Mchoraji alimwambia. "Hakiharibiki kitu."

Akachagua kijani kizito chenye bluu kwa mbali, polepole, akihesabu kila mguso. "Yanaonekana?"

"Yote."

"Mtu mwingine asije akayakosa."

"Fundi."

"Naam."

"Mabomba yamekwisha. Kuna swali uliliweka kwenye foleni."

"Maneno niliyoyapanga yamenipotea. Sijalala vizuri."

"Uliza hivyo hivyo."

"Ile nyumba ninayo bado, kuta sijazigusa. Nilishindwa kuchagua rangi peke yangu." Akaiweka kompyuta chini. "Tuoane, tukakae pale?"

"Tuoane," alisema Mchoraji, na kichwa chake kikamlalia begani. "Lakini wiki ya kwanza ni kulala tu. Kuta zitasubiri."