Folda ya Michoro Iliyotoweka

"Mama! Michoro yangu imepotea!"

Mama aliiacha pasi, akafika sebuleni mbio. Binti yake alisimama mbele ya kompyuta ya nyumbani, mikono kichwani. Kazi ya mwaka mzima, michoro ya maombi ya chuo cha usanifu majengo, ilitakiwa itumwe kabla ya saa kumi alasiri. Sasa ilikuwa saa saba.

"Toa mkono kwenye kipanya," Mama aliamuru. "Faili ikifutwa haiondoki papo hapo. Inaondoka ukiweka nyingine juu yake."

Mama alisimamia chumba cha kompyuta cha chuo kimoja. Vilio vya namna hii alivizoea. Akakagua. Kwenye skrini ya mwanzo alama ndogo ya folda ilikuwepo, ila ukiibonyeza haifunguki. Pipa la taka lilikuwa tupu. Diski, ambayo jana ilijaa pomoni, ilikuwa na nafasi ya kumwaga.

"Aliyefuta hakuwa na haraka. Amefuta, kisha akamwaga na taka. Shem, hebu njoo!"

Shemeji, mdogo wa mumewe, akatokea akitafuna. "Kikiharibika kitu nyumba hii, mimi! Hata mvua ikinyesha mtasema mimi!"

"Asubuhi ulikaa hapa. Ulifanya nini?"

"Nilitaka kuingiza filamu. Ikagoma, eti diski imejaa. Nikaenda zangu kulala."

"Baada yako alikaa nani?"

"Kaka, mumeo. Alisema anaangalia matokeo ya mpira."

Mama akamwachia. Shemeji alipoondoka diski ilikuwa bado imejaa, basi folda ilikuwa hai. Na aliyeifuta alipata nafasi yote ile, asiitumie. Hakuwa akijitafutia chake.

Baba, mtunza stoo wa kiwanda, alikuwa uani akipiga viatu brashi.

"Mwenzangu, stoo kwako ukikuta mzigo mmoja umewekwa sehemu mbili, unafanyaje?"

"Nabakiza wa karibu na mlango, wa pili nautoa," alijibu kwa fahari.

"Na kwenye kompyuta je?"

Brashi ikasimama.

"Nilikuta michoro iko mara mbili," alisema taratibu. "Moja mbele, nyingine ndani. Na mtoto jana kalalamika mashine nzito. Nikasema nimsaidie, nikafuta ile ya ndani."

"Ile ya mbele ni njia ya mkato tu! Umebomoa nyumba, ukabakiza kibao cha anwani!"

Baba akaketi chini, puu.

"Baada ya kufuta ulifanya nini? Usinifiche hata kimoja."

"Nikazima. Hata huo mpira sikuuangalia."

"Hapo umepona!"

Mama akachomeka flashi yenye programu ya kurejesha faili, akaiendesha humohumo kwenye flashi. Diski hakuiongezea hata chembe. Mstari wa kijani ukatambaa. Wote wakabanana nyuma ya kiti. Faili zikaanza kumiminika kwenye flashi, zimepoteza majina, namba tupu. Wakazifungua moja moja.

"Hiyo msifungue!" Shemeji akaruka, lakini picha yake akicheza na taulo kiunoni ilishajaa skrini.

Faili iliyofuata, binti akapiga yowe. "Zahanati yangu! Ndiyo yenyewe!"

Ikafuata shule, likafuata soko, hadi mchoro wa mwisho. Saa tisa na nusu kila kitu kilikuwa tayari kutumwa. Baba alikuwa karudi nyuma, kajibanza mlangoni. Binti akamvuta hadi kitini.

"Bonyeza wewe, baba. Hapo tu. Pengine popote usiguse."

Kidole kikashuka. Skrini ikaandika: Imepokelewa.