Konokono Anasubiri Mwenyeji

Lami ilipoishia, gari-nyumba lilisimama, likakunja magurudumu yake sita tumboni, likashusha miguu minane, kisha likaanza kuupanda Mlima Meru kwa kutembea. Ndani, juu ya meza ndogo ya jikoni, kikombe cha mkaguzi kilikuwa kimejaa chai hadi ukingoni. Haikumwagika hata tone.

Mkaguzi Mwakalinga alikitazama kikombe kile kwa macho ya mtu aliyekuja kutafuta kasoro na hajaiona. Mamlaka ya hifadhi za milima ilimtuma kulijaribu gari hilo kabla halijapewa kibali, na kazi yake aliipenda kupita kiasi.

"Mpaka hapa, hongera, mhandisi," alisema, akanywa chai yake.

Mhandisi Aikande Mlay alitabasamu. Gari hilo, ambalo yeye na mafundi wake walilibatiza Konokono kwa kuwa lilibeba nyumba mgongoni, lilikuwa limekula ujana wake wote. Katika hifadhi zote za milima gurudumu lilipigwa marufuku. Aliyetaka kuiona milima aipande kwa miguu yake, na asiye na magoti akaitazame kwenye picha. Aikande hakukubali. Akabuni nyayo laini, zinazotanuka zikigusa ardhi hata kwato za mbuzi zikaonekana katili mbele yake. Akabuni paa-jua la kupikia na kuwashia taa. Akabuni jicho-mwangwi linaloona mbele hata penye ukungu, na akilimwendo, ule ubongo uliochagua wapi pa kukanyaga. Ndani kulikuwa na vitanda, jiko, na choo kilichojisafishia maji yake chenyewe, ambacho mama yake alikataa kabisa kukiamini.

Naam, mama yake naye alikuwamo. Kanuni za jaribio zilidai abiria mmoja mwenye magoti mabovu, na Aikande alisema amemchagua mama yake, Anaeli. Ukweli ni kwamba Mama Anaeli alijichagua mwenyewe. Siku binti yake alipokuwa akitafuta njia kwenye ramani, bibi huyo aliweka kidole upande wa kusini wa Kilimanjaro, juu kidogo ya miji, akasema, "Tukitoka Meru, tupite hapa." Alipoulizwa kuna nini hapo, alijibu kwamba kuna mlima. Asubuhi ya safari alikuja na mkungu wa ndizi na kipande cha nyama, kana kwamba anahamia nchi yenye njaa.

Meru walifaulu bila shida. Twiga walimpisha Konokono kama wanavyompisha tembo. Kesho yake waliingia msitu wa Kilimanjaro, na hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda mrama.

Walikuwa wakipanda polepole katikati ya miti mirefu yenye ndevu za kuvu Konokono aliposimama ghafla. Mbele hapakuwa na korongo, wala jiwe, wala mnyama.

"Hodi!" Konokono aliita kwa sauti ya upole kuelekea msituni. Akanyamaza kidogo. "Hodi!" Kisha akawaambia waliomo ndani, "Nasubiri mwenyeji."

Mkaguzi aliweka kikombe chini. "Mwenyeji gani? Hii ni hifadhi. Hapa mwenyeji ni nyani."

Aikande alihisi uso ukimchoma. Alijua. Miaka iliyopita, alipokuwa akiufundisha ubongo ule kutambua matope, mizizi na mavi ya tembo, aliufundisha pia masale.

Isale ni mmea wa majani mapana ya kijani, na kwa Wachagga ni zaidi ya mmea. Hupandwa kwa mstari kuonyesha mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo lenye nyumba na migomba, na hupandwa makaburini. Aikande alizaliwa gorofa ya sita, katika mji wa maghorofa ulio chini ya mlima, na hakuwahi kuwa na kihamba. Lakini mama yake alipanda masale katika makopo ya rangi, akayapanga kibarazani kati yao na jirani. Siku moja, Aikande akiwa mdogo, aliyaruka akifuata mpira. Alichapwa kofi mbele ya jirani, akarudishwa nyuma ya makopo, akaamriwa apige hodi, asubiri mpaka aambiwe karibu. Kofi lile halikumtoka. Alipokuwa mhandisi akaandika kanuni: mstari wa masale hauvukwi bila karibu ya mwenye mahali. Aliiandika kwa ajili ya vijiji ambavyo Konokono angepita. Hakuwaza kamwe kwamba masale yangekuwapo katikati ya msitu usio na watu.

"Kuna dosari ndogo," alisema. "Konokono, zunguka."

Konokono alizunguka, na mkaguzi akasema kwenye kinasa-sauti chake, "Kusimama bila sababu, mara ya kwanza." Kanuni za jaribio zilikuwa wazi: mara ya tatu gari limeshindwa jaribio, na likishindwa, hakuna tena kibali.

Juu kidogo Konokono alipiga hodi kwa mara nyingine. Nyani wakacheka. Mkaguzi akatamka mara ya pili. Mama Anaeli, aliyekuwa akimenya ndizi, aliacha kumenya. Aligeukia dirisha, akaanza kuhesabu kitu kwa vidole.

Mara ya tatu ilikuja kwenye uwanda mdogo uliopitiwa na kijito.

"Hodi!" aliita Konokono. "Nasubiri mwenyeji."

Mkaguzi alishusha pumzi. Hakuwa mtu mbaya. Alikishika kinasa-sauti mkononi bila kukiwasha. "Mhandisi," alisema taratibu, "mimi natazama ndege yule pale. Nitamtazama kwa dakika moja hivi. Nikigeuka na gari linatembea, sikuona kitu."

Aikande aliuelewa ukarimu ule. Neno moja tu, na kanuni ingefutika, kibali kingepatikana, na wazee wote wa maghorofani wangeiona milima. Kanuni yenyewe ilikuwa ya kitoto, kumbukumbu ya kofi.

"Konokono, futa kanuni ya ma..."

"Aikande!" Mama Anaeli alikuwa amesimama, mkono mmoja umeshika meza. "Usithubutu. Fungua mlango."

"Mama, subiri kidogo, hapa tuna..."

"Nimesema fungua mlango."

Konokono alilala kwa tumbo mpaka kizingiti kikagusa majani. Mama Anaeli alishuka na mkongojo wake, hatua kwa hatua, akafika penye mstari wa masale yaliyokuwa yamerefuka na kupindapinda kati ya miti. Aliyashika moja baada ya jingine kama anayewasalimia wageni harusini.

"Kule tulikosimama kwanza ni kwa akina Lyimo," alisema bila kugeuka. "Pale pa pili palikuwa kwa mama Ndetaramo, alikuwa na mbwa mkali, Mungu amrehemu. Na hapa ni kwangu."

Mkaguzi alimsahau ndege wake.

Habari ya Mpango wa Kurudisha Msitu Aikande aliijua tangu shuleni. Chemchemi zilikauka, miji ya bondeni ikawa inakufa kiu, na ikaamuliwa kwamba vihamba vya juu virudi kuwa msitu. Watu wakashushwa kwenye maghorofa yenye bomba kila chumba. Na kweli mpango ulizaa matunda. Mito ilijaa, miji ikanywa, na hakuna aliyeweza kusema kwamba msitu ule si mzuri. Waliahidiwa pia kwamba makaburi yatawekewa alama. Ahadi hiyo ilienda na maji. Miti ikafunika kila kitu, na vyombo vya angani vilipopiga picha viliona kijani kitupu.

"Mbona hukuwahi kuniambia kwetu ni hapa?" Aikande aliuliza.

"Sikupajua tena. Nilijua ni upande huu tu. Gari lako lilipopiga hodi kwa Lyimo ndipo nikaanza kuhesabu majirani." Akageuka. "Dada yako yuko humu."

"Dada gani? Si mimi ndiye wa kwanza?"

"Nilikwambia wewe ndiye mkubwa, na mkubwa ni aliyebaki. Ndeshi alikufa kwa homa, hajaanza hata kukaa. Mwaka uliofuata wakatushusha. Ningekwambiaje, mwanangu? Ungeniuliza kaburi liko wapi, nami ningekuonyesha nini? Bomba?"

Aikande alilia. Alimlilia dada ambaye hakuwahi kumjua, na mama aliyepanda masale kwenye makopo ya rangi huku akinyamaza, lakini zaidi alilia kwa hofu ya lile neno ambalo lilikuwa limebaki nusu kinywani mwake. Silabi mbili zaidi, na Konokono angepita juu ya mahali pale kwa nyayo zake laini, kikombe kisitikisike, na yeye angepongezwa.

Alijifuta uso, akarudi nyuma, akasimama kando ya mguu wa Konokono kama alivyofundishwa.

"Hodi," alisema.

Mama yake alikuwa amekwishavuka mstari. Mwenye nyumba hapigi hodi kwake. Alijifunga vizuri kitenge chake. Tangu ashushwe bondeni alikuwa amekaribisha watu kwenye nyumba za serikali tu, zenye namba mlangoni.

"Hodi, Mama."

"Karibu," alisema. Kisha akasema kwa nguvu, mpaka nyani wakanyamaza, "Karibuni! Karibuni ndani!"

"Asante, mwenyeji," alijibu Konokono, akainua mguu.

Masale manne yalikuwa yamesimama karibu na kijito, marefu kuliko mtu, yakizunguka kipande kidogo cha ardhi. Mama Anaeli alisaidiwa kukaa chini, akaongea na kipande kile kwa Kichagga, mambo mengi, ya zamani na ya jana. Aikande alielewa nusu yake. Nusu hiyo ilimtosha.

Baadaye bibi huyo alijipangusa machozi, akawa mkali. Mgeni haondoki kwake mkavu, alisema. Ule mkungu ukapata kazi, na jiko la paa-jua likapika mtori, pengine wa kwanza kupikwa kwenye kihamba kile tangu msitu urudi. Mkaguzi Mwakalinga alivua kofia na kuketi juu ya mzizi, bakuli mkononi.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," alisema polepole. Alikula, kisha akauliza, "Mhandisi, kwetu Rungwe alama zetu si hizi. Utalifundisha na za kwetu?"

"Nitazifuata mwenyewe, kaka. Nionyeshe tu wazee wa kuwauliza."

Mkaguzi aliwasha kinasa-sauti. "Sahihisho. Gari lilisimama mara tatu, na mara zote lilikuwa na sababu. Lina adabu."

Walishuka mlima jua likiwa bado juu, kwa njia ile ile waliyojia. Karibu na chini, Konokono alisimama tena.

"Hodi! Nasubiri mwenyeji."

Safari hii hakuna aliyehesabu. Wote watatu waliusikiliza msitu, ingawa walijua hakuna wa kuitika. Mkaguzi alikuwa ameshikilia kofia yake magotini.

"Kwa Lyimo," alisema Mama Anaeli hatimaye. "Mjukuu wake anakaa gorofa ya pili, chini yetu. Kutwa analalamika hana kwao." Aligonga dari taratibu kwa mkongojo. "Zunguka, baba, usimkanyagie. Wiki ijayo nakuletea mwenyeji."

Konokono alizunguka.