Jina Lililoingia Bila Simu

Barua pepe hiyo iliingia Jumanne saa nne asubuhi, na laini ya simu ilikuwa imekufa tangu Jumamosi. Wezi walikuwa wamekata nyaya upande wa Amukura, na fundi alisema labda wiki ijayo. Truphena alipoona kabahasha kadogo kakimemeta pembeni mwa skrini, alidhani kompyuta imepata wazimu kama kila kitu kingine Malaba mwaka huo wa tisini na nane, mwaka wa mvua isiyokwisha na matrela yaliyozama matopeni hadi mpakani.

Truphena alifanya kazi kwa Bwana Ekisa, wakala wa kupitisha mizigo forodhani. Mizigo ilitoka Urusi, Misri na Uchina, na barua zake zilifika zimevurugika: viulizo, miraba mitupu, herufi zenye masharubu. Mawakala wengine walizitupa. Truphena alikuwa na dawa yake. Ndani ya programu ya barua kulikuwa na orodha ya maandishi ya dunia, naye alibofya moja baada ya jingine, Kirusi, Kigiriki, Kiarabu, Kijapani, mpaka barua inyooke. Kisha alisoma kwa sauti chochote alichoweza kusoma, majina na nambari, ahakikishe, ndipo aichape na kuipeleka kwa mtafsiri Nairobi. Madereva walimwita daktari wa herufi. Alilipenda hilo, tusidanganyane.

Siku hiyo alikuwa na mtoto wa wiki tatu, wa kike. Ekisa alikuwa amembembeleza akatize likizo ya uzazi, maana barua zilikuwa zimerundikana na hakuna mwingine aliyejua kuzinyoosha. Mtoto alilazwa kwenye katoni ya karatasi za kuchapia, juu ya blanketi, na mama mkwe, Apeduno, alikuja kumshika. Mume, Levis, alikuwa barabarani na trela, mahali fulani kabla ya Kigali.

Mtoto alilia. Alilia tangu siku ya nane, usiku na mchana, na sababu ilijulikana: hakuwa na jina. Katika ukoo ule wa Kiteso, mtoto wa namna hiyo huwa anadai jina lake. Wanawake huketi, mmoja huchovya kidole kwenye ajono, pombe ya wimbi, humtia mtoto mdomoni, na majina ya waliokufa wa ukoo hutajwa moja moja. Mtoto akinyonya kidole jina fulani linapotajwa, huyo ndiye aliyerudi, na kilio hukoma. Jioni tatu walikuwa wamejaribu. Mtoto alitema marehemu wote. Apeduno, ambaye hakosi misa, aliona padri atangoja zamu yake, lakini hata yeye alianza kuishiwa na wafu.

Truphena akafungua ile barua. Haikuwa na mtumaji. Ukurasa mzima ulikuwa takataka tupu, alama zilizobanana bila nafasi. Vidole vikamwasha. Akaanza na Kirusi.

Alama zikajigeuza, hazikunyooka. Kwenye katoni, kilio kikashuka kidogo. Akajaribu Kigiriki, kilio kikashuka tena. Kiarabu. Kijapani. Ofisini kukaanza kunuka udongo mbichi, udongo wa shimo refu, na Truphena akajiambia ni mvua. Orodha ilipomwishia, akaona chini kabisa mstari mmoja ulio wazi, usioandikwa lugha yoyote, na hapo ndipo mtu mwenye akili zake angezima mashine aende kunywa chai. Yeye alikuwa daktari wa herufi. Akaubofya.

Ukurasa ukanyooka. Ulikuwa na neno moja tu, limerudiwa kutoka juu hadi chini, kwa herufi hizi hizi zetu. Ni jina. Halitaandikwa hapa, na sababu utaiona. Truphena akalisoma kwa sauti, kwa mazoea.

Mtoto akanyamaza.

"Soma tena," Apeduno akasema, amesimama.

"Mama, hii ni barua ya watu. Hata sijui imetoka wapi."

"Soma tena, nimekuambia."

Akasoma. Mtoto akatoa ulimi, akanyonya hewa. Apeduno akapekua kikapu, akatoa kichupa cha ajono iliyobaki jana, akachovya kidole. "Mara ya tatu," akasema. Truphena akasoma mara ya tatu, na mtoto akakikamata kidole cha bibi yake akakinyonya kwa nguvu hata Apeduno akakunja uso.

"Eyalama noi," Apeduno akashukuru huku machozi yakimtoka. "Unajua huyu ni nani? Ni mjomba wa marehemu mzee wangu, ile alichukuliwa vita ya Wazungu, ile ya Bama. Hajawahi rudi. Wazungu walimpatia jina ingine huko. Sisi tunamwita kwa jina ya hapa, ataitika aje? Sasa ameandika mwenyewe kutoka ng'ambo."

Truphena alicheka kwa furaha. Wiki mbili hajalala. Angekubali jina hata la ng'ombe.

Usiku huo mtoto hakulia. Hakulala pia. Alilala chali macho wazi, anatazama dari, na kila Truphena alipoamka aliyakuta macho yale pale pale.

Jumatano alasiri, Apeduno akiwa ameenda kuchota maji, Truphena alikuwa uani anaanika nepi. Jua lilikuwa limetoka, jirani alikuwa na redio, kila kitu kilikuwa cha kawaida. Akamwita mtoto kwa mchezo, kwa lile jina, vile mama anavyoongea na kichanga asiyejibu.

"Naam," sauti ikajibu kutoka chumbani.

Ilikuwa sauti ya mtu mzima, ya taratibu, kama ya mtu anayesoma kitu. Nepi ikamdondoka. Alipoingia, mtoto alikuwa peke yake kitandani, uso umegeukia mlango, na chumba kizima kilinuka ule udongo.

Alhamisi saa nne kamili kabahasha kakamemeta tena. Safari hii kisanduku cha simu, kile kinachounganisha kompyuta na laini, kililia kile kilio chake cha kukoroma na kupiga filimbi, wakati waya wake Truphena alikuwa ameuchomoa mwenyewe. Hakuhitaji kubofya orodha. Barua ilikuja imenyooka, jina juu, na chini yake Kiswahili safi: *Nimepokea. Nyumba ni ndogo lakini ina joto. Jana nimenyonya mara tisa. Ndani kuna mtu. Namsogeza polepole.*

"Madam, hii ni virus?" Ekisa akauliza, nyuma ya bega lake, kwa sauti ya chini.

"Boss, virus itajuaje mtoto wangu alinyonya mara tisa? Nilihesabu. Ilikuwa tisa."

Ekisa akachomoa kompyuta ukutani. Skrini haikuzima. Wote wawili wakaitazama ikiwaka bila umeme, na Ekisa, ambaye hajawahi kukimbia hata maaskari wa forodha, akakumbuka ana mzigo Tororo.

Truphena hakungoja. Alimfunga mtoto mgongoni akaenda kliniki. Mgongo wake uliona baridi njia nzima, pale mtoto alipoegemea. Siku ya nane mtoto alikuwa na kilo nne. Mizani sasa ilisema mbili na nusu.

"Ananyonya?" muuguzi akauliza.

"Kupita kiasi, dada."

Muuguzi akapima tena, akabadilisha mizani, akapima tena. Kisha akaongea bila kumtazama usoni. "Mama, sitakudanganya. Akienda hivi, Jumapili hatafika."

Hofu aliyokuwa nayo mpaka hapo ilikuwa ya mambo asiyoyajua, na mtu anaweza kuibeba hofu hiyo huku anapika ugali, lakini hii sasa ilikuwa na siku yake, ilikuwa Jumapili, na Truphena alitembea kurudi kupita matrela na wauza ndizi akiongea peke yake, akimwomba Mungu, akimwomba mtoto, akijilaani kwa kile kidole kilichobofya mstari usio na lugha, na kila alipotaka kumbembeleza mwanawe alijiziba mdomo, maana jina pekee alilokuwa nalo la kumwitia lilikuwa lile.

Apeduno aliposikia habari ya mizani alikaa akikitazama kidole chake. Kisha akaenda sokoni, akarudi na Roselida.

Roselida aliuza mitumba, nguo za watoto hasa, na siku asizouza mitumba alitoa vitu visivyoonekana kwenye nyumba za watu. Hakuwa na manyanga wala vibuyu. Alikuja Ijumaa asubuhi na jogoo kwapani, akasema kazi itafanywa ofisini, mahali jina liliposomwa. Saa nne barua ikaingia. Truphena akamsomea kwa mnong'ono, akiliruka jina: *Amebaki mlangoni.*

"Nani amebaki mlangoni?" Apeduno akauliza.

"Mtoto wenu," Roselida akasema. "Huyo anasukumwa nje ya mwili yake. Hamkupatia mtoto jina. Mmepatia jina mtoto."

"Irudishe! Vuruga hiyo barua ikuwe vile ilikuwa!" Apeduno akamgeukia Truphena.

"Nimejaribu, mama," Truphena akasema. "Ule mstari haupo tena."

"Jina ikishanyonywa haifutwi," Roselida akasema. "Inahamishwa. Lazima mdomo ingine iikubali."

Wakaanza na jogoo. Roselida akamdondoshea ajono mdomoni, akamwambia Truphena asome. Truphena akasoma. Jogoo akainamisha kichwa ubavuni kwa Roselida, akafa bila kupapatika, na kwenye katoni mtoto akacheka, kicheko kirefu cha mzee, kichanga wa wiki tatu, na meno hana.

"Haitaki kuku," Roselida akasema. Jasho lilikuwa linamtiririka. "Inataka mtu."

"Mimi," Truphena akasema.

"Wewe hapana. Atanyonya kwako, itarudi kwake."

Kisanduku cha simu kikaanza kukoroma. Harufu ya udongo ikajaa mpaka ikawa kama imeshikika, mwanga wa dirishani ukapungua ingawa nje jua lilikuwa linawaka na mtu alikuwa anauza mandazi hatua chache tu kutoka mlangoni, na kwenye skrini maandishi yakaanza kujiandika yenyewe, jina, jina, jina, haraka haraka, na katonini kifua cha mtoto kikawa kinapanda, kinashuka, kinapanda, kinachelewa kushuka, na Truphena akapiga magoti akalia kwa sauti asiyoijua kama ni yake, "Mwachie, mwachie, yeye hata hajaona mwezi mmoja!"

Apeduno alikuwa ameshachovya kidole. Kile kile.

"Nilimpatia kwa mkono yangu," akasema. Hakuonekana shujaa. Alionekana mama mzee anayeogopa sana. "Soma, mwanangu. Soma kabla nibadilishe roho."

Truphena akasoma. Apeduno akafumba macho, akakinyonya kidole chake.

Skrini ikazima. Kisanduku kikanyamaza katikati ya mlio. Na mtoto akalia, kilio kibichi, cha hasira, cha njaa, cha mtoto hasa. Truphena akamtoa katonini akambana kifuani, na mwili ulikuwa wa moto, na akacheka na kulia pamoja.

Apeduno alikuwa ameketi kwenye kiti cha wateja, mikono magotini. Macho yake yalikuwa wazi.

"Mama? Uko sawa?"

Mama mkwe akatingisha kichwa kwamba yuko sawa.

Mtoto hakunyamaza. Akipewa ziwa anatema. "Mpe jina sasa hivi," Roselida akasema, "asibaki wazi." Akachukua kichupa, akachovya, na wakaanza upya na wafu wa ukoo, wale Truphena aliowasikia zile jioni tatu. Mtoto akatema mmoja, akatema mwingine, akawatema wote mpaka wakaisha. Roselida alikuwa anamtazama yule mama kitini, anamtazama kifuani, pale pumzi inapopaswa kupita.

"Jaribu ya huyu," akanong'ona.

"Huyu yuko hai."

"Jaribu."

Tangu aolewe Truphena hajawahi kulitamka jina la mama mkwe wake. Ni mwiko kwa mke wa mwana. Akaliinamia sikio la mtoto, akalisema kwa sauti ndogo kuliko zote.

"Apeduno."

Mtoto akakikamata kidole cha Roselida, akanyonya, akafumba macho, akalala usingizi wake wa kwanza wa amani tangu siku ile ya nane.

Truphena akamtazama Roselida. Walijua wote wawili ni watu gani ambao majina yao hupokelewa. Na kwenye kiti cha wateja yule mama akainuka, akajinyoosha gauni, akanyoosha mikono yote miwili, akasema kwa sauti ya taratibu kwamba amembeba mjukuu wake wiki nzima, wampe ambebe tena.