Ua Jeusi Mkononi mwa Fundi

Cherehani ya dada mkubwa ilikuwa haipumziki. Mara apinde suruali, mara apunguze gauni. Mdogo wake, msusi, alifanya kazi chumba hicho hicho, nyuma ya pazia. Walitaniana kutwa.

"Dada, nikuchore ua la hina leo! Mikono ya fundi nayo ipendeze."

"Chora upesi basi. Nina nguo za watu."

Mdogo alitaka ua likolee haraka. Akachanganya hina na rangi nyeusi ya nywele, kama wasusi wengine walivyofanya. Ua likatoka jeusi ti. Kila mteja alilisifu.

Baada ya siku chache mkono ulianza kuwasha. Ukavimba. Malengelenge yakatokea, yakafuata mchoro jani kwa jani. Hata mkasi haukushikika.

Mama yao akaja mbio na limau.

"Lete mkono, mwanangu. Hii ni dawa ya asili, haina madhara."

Tone la kwanza lilimrusha fundi kitini.

"Mama wee! Unanichoma!"

Wakati huo huo jirani yao muuguzi aliingia kuchukua sketi yake. Akautazama ule mkono.

"Ulichorwa na nini?"

Msusi akatoka nyuma ya pazia, macho chini.

"Ni mimi. Niliweka rangi ya nywele ndani ya hina."

"Hina tupu hutoka kahawia au nyekundu," muuguzi alisema. "Ikitoka nyeusi hivi, ujue imetiwa kitu. Rangi hiyo ina kemikali kali. Ngozi nyingine huikataa."

Akauosha mkono taratibu kwa sabuni isiyo kali na maji baridi. Akaufunika kwa kitambaa safi kilicholowa. Fundi akashusha pumzi.

"Usijikune. Usitumbue malengelenge."

"Kwa hiyo dawa za asili hazifai?" mama aliuliza, limau bado mkononi.

"Mama, maji baridi nayo ni ya asili, tena hayana hasira! Ute wa mshubiri pia unaweza kupoza ngozi inayowasha, ila ujaribu kidogo kwanza. Penye malengelenge au kidonda, usipake. Limau, majivu na kitunguu saumu huchoma zaidi. Si kila cha asili ni salama. Kwani upupu unatoka kiwandani?"

Mama akacheka, akalitia limau mfukoni.

"Sasa nendeni zahanati," muuguzi aliendelea. "Na uso ukivimba, au pumzi ikibana, msingoje. Hospitali mbio!"

Zahanati walimpa fundi dawa ya kupaka. Wakamwonya asitumie tena rangi nyeusi ya nywele, kwani safari nyingine mwili ungeweza kuchachamaa zaidi.

Mkono ulipokuwa unapona, msusi alikata vitambaa kwa niaba ya dada yake.

"Nyoosha mkasi! Hiyo ni suruali au nyoka?"

"Nisamehe, dada."

"Ya suruali au ya mkono?"

"Yote mawili."

"Nimekusamehe. Kata."

Ngozi ikarudi laini. Cherehani ikaanza tena kuimba.

Siku moja mteja akaja akitaka ua jeusi.

"Nyeusi sichori tena," msusi alisema. "Ilimuumiza dada yangu. Nina hina tupu. Ni ya kahawia, na huchelewa kukolea."

Mteja akanuna. Akatazama mlango. Kisha akavuta kiti, akanyoosha mkono.

"Haya, nichore. Nitasubiri."