Mwiba Kooni mwa Mama

Mama Hashim, jirani wao wa ghorofa ya chini huko Jidda, Saudia, aliapa kwamba Truphena alikwamwa na mwiba wa samaki. "Wallahi nilikuwapo! Kakohoa, macho yakamtoka kama kaa!" Tangu siku hiyo alipanda ngazi kila jioni na tonge la ugali, Truphena alimeze bila kutafuna ili liusukume mwiba.

Asumpta, binti wa Truphena mwenye miaka kumi na miwili, alimtazama mama akihangaika na tonge huku machozi yakimlengalenga. Hilo la mwiba halikumwingia akilini. Samaki waliliwa wiki iliyopita tu, na mama alikuwa akikwamwa na chakula tangu kabla ya Ramadhani. Pilau aliimwaga kwa siri, akanywa uji. Viganja vyake vilipauka, na kutwa alitafuna barafu.

"Joto la Jidda hilo," baba alicheka. "Utamaliza friji, mama Asumpta!"

Lakini jikoni mama alimwonya bintiye, "Usimwambie baba yako. Ana mawazo ya kazi."

Asumpta hakujua amtii mama au aseme.

Ijumaa Truphena alianguka ngazini. Hospitalini, Nesi Winfred, Mkenya mwenzao, aliuliza kilichomsibu.

"Mwiba," Mama Hashim alidakia.

"Uchovu," baba akasema.

Mama alitazama ukuta.

"Si mwiba," Asumpta alisema. Akaeleza yote: uji, pilau, barafu.

Baba aligeuka. "Na wewe ulijua?"

Asumpta alikwenda kusimama kando ya mama.

Madaktari walimpima damu, wakaikuta imepungukiwa madini ya chuma. Wakapitisha kooni mpira mwembamba wenye kamera. Hapakuwa na mwiba. Palikuwa na uvimbe tumboni. Kipande chake kikapimwa: ilikuwa saratani, ila haikuwa imesambaa, na daktari alisema itakatwa.

"Tumboni? Mbona anakwamwa kooni?" Asumpta aliuliza.

"Uvimbe umebana pale chakula kinapoingilia tumboni," Nesi Winfred alimweleza. "Tena unavuja damu kidogo kidogo, ndiyo maana akapauka na kutamani barafu. Si kila mtafuna barafu ana saratani. Lakini chakula kikikwama na damu ikipungua, mtu apimwe, asishindiliwe matonge. Na wewe, binti, kumsaidia mgonjwa kuficha ugonjwa wake si utiifu."

"Mie nilidhani nasaidia," Mama Hashim alinong'ona.

Siku ya upasuaji Asumpta alimshika mama mkono.

"Unaumwa, mama?"

"Siumwi, mwanangu."

"Naomba uniambie kweli. Leo tu."

Truphena alimtazama, midomo ikafunguka. "Yalla, twende," mhudumu akasema kabla mama hajajibu, na kitanda kikapitishwa mlango wa chumba cha upasuaji.